Draya inazunguka lakini haitoi joto: hita msinunue kwanza

Swali limetoka kwa msomaji wa Houston, Texas:

"Fundi, shikamoo. Draya yetu ni ya umeme, tuliinunua ikiwa imeshatumika. Miezi miwili iliyopita ilianza kuchukua mizunguko miwili kukausha nguo zilezile, halafu siku moja joto likapotea kabisa. Pipa linazunguka, upepo unatoka, ila ni baridi. Mume wangu aliangalia video, akanunua fyuzi ya joto, akaibadilisha mwenyewe. Ikafanya kazi kama siku tisa, ikarudi palepale. Sasa anataka kuagiza hita mpya, dola kama 60. Tununue, au tuitupe tu tutafute nyingine? Tuna watoto watatu na nguo zimejaa hadi sebuleni."

Marahaba mwanangu, na poleni na nguo mbichi. Hita msinunue kwanza, na draya msiitupe. Sababu ya kusema hivyo umeiandika mwenyewe, tena umeipitia haraka kana kwamba si kitu: "ilianza kuchukua mizunguko miwili." Ugonjwa ulianza hapo. Fyuzi ilikuja kuungua mwishoni kabisa.

Hita ya draya ni waya uliosokotwa kama springi. Ukiwa mzima unawaka, ukikatika hauwaki. Hauna uzee wa polepole, wa leo kutoa joto robo tatu na kesho nusu. Kwa hiyo mashine iliyokuwa inakausha kwa taabu wiki kadhaa kabla ya kuzimika, haikuwa inaumwa hita. Ilikuwa inakosa pumzi. Na mlipoweka fyuzi mpya joto likarudi, maana yake hita ilikuwa hai siku ile. Inawezekana imekatika baadaye, lakini hilo linapimwa kwa mita ya umeme kwa dakika mbili, bila kuagiza chochote.

Watu wengi hudhani draya inakausha kwa joto, kama pasi. Kinachokausha ni upepo. Joto kazi yake ni kuuwezesha upepo huo ubebe maji mengi zaidi. Aliyekulia pwani analijua hili bila kufundishwa: nguo iliyoanikwa kivulini penye upepo wa kusi inakauka upesi kuliko iliyoanikwa kwenye ua uliozungushiwa kuta, hata kama jua linachoma. Ndani ya draya kuna feni inayovuta hewa ya chumbani, ikaipitisha kwenye sanduku la hita, ikaingia kwenye pipa lenye nguo, ikatoka kupitia chujio la manyoya, ikaenda kwenye bomba na kumwagwa nje ya nyumba. Ziba njia hiyo popote pale na mambo mawili yanatokea pamoja. Unyevu unabaki ndani, ndiyo ile mizunguko miwili. Na hewa iliyopaswa kulipoza sanduku la hita haipiti, kwa hiyo sanduku linajipika lenyewe.

Kwenye sanduku hilo kuna walinzi wawili. Nitatoa namba za muundo wa Whirlpool kwa sababu hukutaja aina ya yenu na huo umeenea sana Marekani. Wa kwanza ni themostati ya kikomo: ikifika nyuzi 121 za Selsiasi (kwa Farenhaiti 250, ndizo utakazoona zimeandikwa mgongoni mwake) inakata umeme wa hita, ikipoa inaurudisha. Wa pili ni fyuzi ya joto, inayokatika ikifika takriban nyuzi 178, na hiyo ikishakatika hairudi tena. Sasa fikiria: bomba limeziba, themostati inakata na kurudisha mzunguko mzima, nguo baada ya nguo, wiki baada ya wiki. Haikutengenezwa kwa kazi ya namna hiyo. Inachoka, inachelewa kukata, na siku ikichelewa mno fyuzi inajitoa mhanga. Mumeo kabadilisha aliyekufa, akamwacha zamu yule mlinzi aliyesinzia, na njia ya hewa ikabaki imezibwa vilevile. Siku tisa ni nyingi, mimi nimeona zikiungua siku ya pili.

Ndiyo maana vipuri hivi viwili, fyuzi na themostati ya kikomo, kwa mashine nyingi huuzwa kwenye pakiti moja. Mtengenezaji anataka vibadilishwe pamoja. Watu wanaona pakiti ina vitu viwili, wanatumia kimoja, cha pili wanakitunza kwenye droo. Muulize mumeo kama kuna kitu kimebaki kwenye droo.

Kuna fyuzi nyingine ndogo nyeupe, ya plastiki, iko kwenye kasha la feni. Hiyo hukatika kwenye nyuzi 91 hivi. Nimeona video zinazochanganya hizi mbili. Kwenye mashine nyingi za umeme za huo muundo, ile ya kwenye feni ikiungua draya haiwaki kabisa, hata pipa halizunguki. Yenu inazunguka, basi wa kuchunguzwa ni wale wa kwenye sanduku la hita.

Kabla hamjashika bisibisi, nendeni kwenye boksi la breka, zile swichi za kukata umeme wa nyumba. Najua nimesema tatizo ni hewa, lakini hii ni bure na haichukui dakika. Draya ya umeme ya Marekani inatumia volti 240, zinazoletwa na waya mbili za laini, kila moja volti 120 ukiipima na nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme. Mota, taa na saa vinatumia laini moja tu na nyutro. Hita inazihitaji zote mbili. Ikipotea laini moja, pipa litazunguka, taa itawaka, kila kitu kitaonekana kizima, joto hakuna. Breka yake ni pacha ya ampea 30, na wakati mwingine upande mmoja hukata ndani kwa ndani huku kishikio kikionekana kimesimama sawa. Izimeni mpaka mwisho, subirini kidogo, iwasheni tena. Nimewahi kuendesha gari saa nzima, nikazima breka na kuiwasha, nikaambiwa ahsante na nikaona haya kudai nauli. Na mtoto anaweza kuwa amegeuza kitufe kwenye mzunguko wa upepo bila joto. Angalieni hilo pia, msicheke.

Kwa kuwa mliinunua imetumika, chomoeni plagi mfungue kile kifuniko kidogo nyuma ambapo waya nene inaingia. Pale kuna skrubu tatu. Moja ikiwa imelegea au plastiki yake imekuwa kahawia, laini inakatika na kurudi kwa hiari yake. Mashine za mtumba hubadilishwa waya kila zinapohama nyumba, kwa sababu nyumba za zamani zina soketi ya matundu matatu na zilizojengwa baada ya kanuni za umeme za 1996 zina ya matundu manne. Anayebadilisha ni jamaa mwenye haraka na pikapu inamsubiri nje. Kama waya yenu ina miguu minne, kile kipande cha bati au waya kinachounganisha nyutro na bodi, yaani bati la mwili wa mashine, kinatakiwa kiwe kimeondolewa pale, na ethi ya kijani, yaani waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini, ifungwe kwenye bodi. Wengi hawakiondoi.

Sasa hewa. Anzeni na chujio. Lishikeni chini ya bomba la maji. Maji yakipita mara moja, zima. Yakituama juu ya wavu kama kwenye sahani, zile karatasi za manukato za kulainisha nguo zimeacha utando usioonekana kwa macho. Brashi laini, sabuni ya vyombo, maji ya moto, likaushwe, basi.

Halafu vuteni mashine mbele, chomoeni lile bomba nyuma, muiwashe dakika mbili bila bomba mkiwa mmeweka mkono kwenye tundu. (Hili ni kwa draya ya umeme peke yake. Ya gesi isiwashwe hata dakika moja bila bomba, maana inatoa moshi wa kaboni monoksaidi ndani ya nyumba.) Upepo unapaswa kuusukuma mkono wako. Kisha rudisheni bomba, mmoja aende nje kwenye mdomo wake. Kile kifuniko kiwe kimefunguka chote, na upepo uwe karibu na ule uliousikia nyuma ya mashine. Kama nyuma ni mkali na nje ni kama mtu anapuliza chai, tatizo liko kwenye bomba. Kama hata nyuma ni dhaifu, liko ndani ya mashine.

Nyumba nyingi huko Houston zina chumba cha kufulia katikati, kwa hiyo bomba linapanda ukutani, linapita darini, linatokea kwenye paa. Hiyo ni safari. Kanuni za ujenzi za Marekani zinaruhusu futi 35 za bomba la inchi 4, na kila kona ya digrii 90 inakula futi 5 kati ya hizo. Nyumba yenye kona nne imeshapoteza futi 20 kabla bomba halijaenda popote. Nendeni mkalitazame la kwenu. Bomba linalopanda hukusanya manyoya mabichi kwenye kona ya chini kabisa, yakigandamana yanakuwa kama godoro. Brashi za kusafishia, zile za fito zinazounganishwa moja baada ya nyingine na kuzungushwa kwa drili, zinauzwa maduka ya vifaa vya ujenzi. Zungusheni upande mmoja tu, ule wa kukaza. Mkirudisha drili kinyume, fito zinaachana huko ndani na hapo mtaniita kwa kazi nyingine kabisa. Paani kama hujazoea kupanda, lipa mtu. Huko juu nimekuta viota vya ndege, na mara nyingi zaidi wavu ambao mtu aliufunga kuzuia ndege hao hao, ukaziba kwa manyoya mpaka ukawa blanketi. Mdomo wa bomba la draya hauwekwi wavu.

Kipande cha bomba kilicho nyuma ya mashine nacho kina kesi yake. Kama ni plastiki nyeupe au lile la karatasi ya fedha linalokunjika kama akodioni, litoeni leo. Mkisukuma draya irudi ukutani linabonyea na kubaki njia nyembamba kama mrija wa soda. Wekeni bomba gumu la bati, au angalau la alumini nene, fupi kadiri inavyowezekana. Viungo vifungwe kwa klampu au utepe wa foili. Skrubu haifai, ncha yake ndani ya bomba ndiyo inayoshika manyoya ya kwanza, na hayo yanawashika wenzao.

Huu usafi sihimizi kwa ajili ya nguo peke yake. Mamlaka ya zimamoto ya Marekani, USFA, ilihesabu kwa wastani mioto 2,900 ya draya majumbani kila mwaka kati ya 2008 na 2010, na sababu iliyoongoza, asilimia 34, ilikuwa kutosafisha. Hapa ndipo nageuka mkali kidogo. Mumeo atakutana na mtu, au video, itakayomwambia akate waya mbili za fyuzi na kuziunga pamoja "kwa muda". Joto litarudi kweli. Nilifungua mashine moja iliyoungwa hivyo, kwenye ghorofa la tatu la nyumba ya kupanga, watoto wanalala chumba cha pili. Manyoya yaliyokuwa yamezunguka sanduku la hita yalikuwa yamekuwa meusi na yanavunjika kama makaa ya karatasi. Mwenye nyumba aliniita kwa sababu ya harufu. Nilichomoa plagi, nikakataa kuirudisha hata kwa kupima.

Mkishamaliza njia ya hewa, ndipo mita itumike. Plagi iwe nje ya soketi, si kitufe kuzimwa. Volti 240 hazina mzaha. Kwa mashine nyingi za muundo niliotaja, chujio likiwa juu ya mashine hita hufikiwa kwa kufungua bati la nyuma. Chujio likiwa kwenye mdomo wa mlango, hita iko chini na hufikiwa kwa mbele. Mkishafungua, pigeni picha waya zote na simu kabla hamjagusa moja. Pitisheni kifyonza vumbi kote humo, hasa kwenye feni: soksi ya mtoto ikipita pembeni ya chujio inajikunja kwenye mapanga ya feni na kuua nusu ya upepo. Angalieni na ule ukanda wa felti unaozunguka mgongo wa pipa. Ukiwa umechanika, feni inavuta hewa ya pembeni badala ya ile iliyopita kwenye hita.

Kila kitu mnachopima, chomoeni kwanza angalau waya wake mmoja, la sivyo mita itasoma njia ya kuzunguka na kuwadanganya. Mita isome omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme. Fyuzi nzima inasoma karibu na sifuri. Ikiwa mita haionyeshi muunganiko, imekatika. Themostati ya kikomo ikiwa baridi nayo isome karibu na sifuri, lakini kusoma vizuri ikiwa baridi hakuthibitishi kwamba inakata kwa wakati ikiwa moto. Hiyo badilisheni tu pamoja na fyuzi, bila mjadala.

Hita ya wati 5,400 kwenye volti 240 inatoka omu kumi na kidogo. Mkipata kati ya 8 na 12 hivi, ni hai, na dola 60 zenu ziko salama. Isiposoma kabisa, imekatika, nunueni. Ila kuna kipimo cha pili ambacho wengi hawakifanyi, nami kwa kesi yenu nakitaka kuliko cha kwanza: shika ncha moja ya hita kwa waya mmoja wa mita, na waya wa pili gusisha kwenye bati la sanduku lake. Mita isisome kitu. Ikisoma chochote, ule waya uliosokotwa umelegea na kulala juu ya bati. Hita ya namna hiyo ni mtu wa sura mbili. Inasoma vizuri kwenye kipimo cha kwanza, inatoa joto vizuri, lakini umeme umepata njia ya pili ya kupitia kwenye bodi hadi ethi, kwa hiyo themostati ikikata upande mmoja, hita inaendelea kuwaka kwa laini ya pili. Inachoma fyuzi kila mkiweka mpya, hata bomba likiwa safi kama mpya. Hapo hita inabadilishwa, na mumeo atakuwa amepatia japo kwa sababu nyingine.

Kimebaki kitu kimoja ambacho hamtakipata kwa urahisi. Umeme wa hita hupita kwenye swichi ndogo iliyo juu ya mota, inayofunga pale tu mota inapokuwa imeshika kasi, ili hita isiwake pipa likiwa limesimama. Vinywa vyake, yaani vile vichuma vinavyogusana ndani, vikiungua, kila kitu kitasoma kizima na joto halitakuwepo. Mkifika huko, iteni fundi.

Wasomaji wenye draya za gesi, yenu ina mambo yake: mwanga wa kiwashio ukionekana, ukazimika, na moto usishike, mara nyingi ni koili za vali ya gesi, hasa kama mzunguko wa kwanza ulitoa joto na wa pili ukakataa. Mkisikia harufu ya gesi msiguse swichi yoyote, tokeni nje kwanza ndipo mpige simu. Na mlioko Ulaya wenye zile za pampu ya joto, hayo ya laini mbili hayawahusu. Safisheni vichujio na ile kondensa ya chini, zaidi ya hapo kuna gesi ya friji ndani na kazi ni ya mtu mwenye vifaa.

Kuhusu kuitupa: mota inazunguka, mkanda haujakatika, pipa halipigi kelele. Hiyo mashine ina miaka mbele yake. Hata mkinunua mpya leo mkaiunga kwenye bomba hilohilo, mtaniandikia tena swali hili.

Kwa sasa kamueni nguo kwa mzunguko mkali zaidi wa mashine ya kufulia, mtundike jeans na taulo kwenye vining'inio bafuni mkiwa mmewasha feni, chupi na sare za watoto zipite kwanza. Hita ikishapimwa nitumie namba mbili: omu kati ya ncha zake, na omu kati ya ncha na bati. Uniambie pia bomba lenu linatokea wapi na lina kona ngapi.